Sina shida yoyote, Shangazi, lakini furaha imenitoka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Busia, upande wetu huu wa Uganda. Nina kibanda cha mobail mani karibu na wanapoegesha malori, na pembeni nauza vocha, soda na maji. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, anabeba mizigo kutoka Mombasa hadi Juba, kwa hiyo nyumbani anapita tu. Foleni ya mpakani ikiwa mbaya analala usiku mbili, kisha hatumwoni wiki tatu. Ni mtu mwema. Hanipigi, halewi, karo ya watoto analipa. Nayasema haya mapema usije ukadhani tatizo ni yeye.

Tatizo ni mimi. Nimechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaisha. Naamka saa kumi na moja alfajiri, na kabla sijatoka kitandani nimeshashika simu. Nikishaangalia floti, yaani salio la biashara, kwenye katochi, ile simu ndogo ya kazi, naingia WhatsApp kwenye simu kubwa, naanza kupitia status za watu: huyu amepaua nyumba, yule yuko Dubai, mwingine mtoto wake amemaliza chuo. Nawaandaa watoto, napanda bodaboda ya 1,000 ingawa kwa miguu ni kama dakika 25 tu, na saa moja nimeshafungua. Mchana nakula nimesimama, chapati na mayai, huku wateja wananiitia namba. Jioni pesa naziacha kwenye sefu ya duka la jumla la jirani. Nafika nyumbani saa mbili usiku, binti anayenisaidia ameshapika, watoto wanasinzia. Hapo ndipo nakaa na simu mpaka saa sita, na sijui hata huwa natafuta nini mle.

Zamani nilikuwa mtu wa kucheka, Shangazi. Ukipita nje ungenisikia. Juzi mtoto wangu wa katikati ameniuliza, "Mama, umemkasirikia nani?" Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nakata nyanya.

Mwezi uliopita dada mmoja alinitumia orodha ya mambo ishirini ya kufanya kila siku ili mtu awe na furaha. Kuamka saa kumi usiku, kuoga maji baridi, kukaa kimya dakika ishirini ukisikiliza pumzi zako, kuandika kila siku mambo kumi ya kushukuru, kunywa maji lita tatu, kujiangalia kwenye kioo na kujiambia unajipenda, na mengine. Nilinunua hadi daftari. Siku ya nne nikaacha. Sasa najiona nimeshindwa hata na furaha, kitu ambacho mtoto mdogo anakipata bure.

Kabla hujauliza: kanisani naenda, ingawa natoka kabla ya matangazo ili nikafungue. Deni la kunikosesha usingizi sina. Kwenye kikundi chetu cha akiba cha akina mama bado nimo, ila siku hizi mchango wa Jumamosi natuma kwa simu, maana kufunga kibanda ni hasara. Marafiki ninao, tunaandikiana. Chakula kinapita. Siumwi.

Naomba unipe mambo machache ya kila siku, mepesi, ambayo mtu kama mimi anaweza.

Aliyechoka, Busia

Marahaba, mwanangu.

Pole sana. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kabla ya kuja kwenye mazoea nina maswali ambayo lazima nikuulize waziwazi. Je, hali hii inakukamata karibu kila siku, kutwa nzima, kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo? Vitu ulivyovipenda vimekufa ladha kabisa? Je, hata siku ambayo hakuna simu mkononi usingizi unakataa? Unajiona huna thamani, au umewahi kuwaza kwamba watoto wangekuwa salama zaidi bila wewe, au kwamba ni bora ungelala usiamke? Kama jibu ni ndiyo kwa hilo la mwisho, hata mara moja, acha kusoma hapa uende hospitali leo, na umwambie mtu mmoja wa karibu akusindikize. Kama ni ndiyo kwa hayo mengine, nenda wiki hii. Hospitali za rufaa za Mbale na Jinja zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna hospitali ya Butabika. Anayekwenda huko anatibiwa ugonjwa kama anavyotibiwa malaria, na ugonjwa wa namna hiyo hauondolewi na daftari wala kutembea asubuhi. Usikubali mtu akuambie ni kukosa imani au kudeka.

Nitaendelea nikichukulia kwamba hujafika huko. Unachekeshwa na kitu mara mojamoja, kazi unaifanya, chakula kinapita, ila rangi ya maisha imefifia. Hilo nalo ni jambo la kushughulikia, wala sitaki ujione unasumbua watu kwa kulisema.

Sasa ngoja nikuoneshe nilichokiona. Umeandika mengi kuhusu simu, orodha na uchovu, halafu mwishoni, kama mtu anayefagia makombo, umetaja kwamba mchango wa Jumamosi siku hizi unautuma kwa simu. Mwanangu, mimi naona hapo ndipo ulipovuja.

Hivi vikundi navijua. Mnakaa chini ya mti au kwenye baraza ya mmoja wenu. Sanduku linaletwa, lina kufuli tatu, na wenye funguo ni watu watatu tofauti. Likifunguliwa kila mmoja anatoa pesa yake mbele ya macho ya wenzake, zinahesabiwa kwa sauti, mwandishi anagonga mihuri kwenye vitabu. Aliyechelewa anatozwa faini na anazomewa kwa mapenzi. Anayetaka mkopo anasimama kueleza anataka kufanyia nini, na hapo mnajifunza kwamba mume wa fulani amelazwa, kwamba binti wa fulani amefaulu, kwamba bei ya mahindi imeanguka na mwenzenu ana magunia ndani. Sanduku likishafungwa ndipo kikao chenyewe kinapoanza. Chai inamiminwa, mtoto wa mtu anapita mapajani mwa watu, mmoja anamwigiza mwenyekiti wa kijiji mpaka mwingine anaomba aachwe apumue. Nakushika mkono, hebu niambie: lile cheko lako ambalo mpita njia alilisikia, lilikuwa linatoka wapi kama si kwenye vikao vya namna hiyo?

Sasa pesa yako inafika Jumamosi na wewe hufiki. Kwenye kitabu uko sawa kabisa, huna hata faini. Lakini faida kubwa ya kikundi kile haijawahi kuwa ndani ya sanduku.

Sisemi haya kwa sababu ni mzee anayependa mambo ya zamani. Hapa hapa Uganda jambo hili limepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini, sehemu zilizokuwa zimeumizwa vibaya na ukimwi, wakatafuta watu waliozama kwenye huzuni ya kuumwa, sonona yenyewe. Katika nusu ya vijiji hivyo waliunda vikundi vidogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakikutana saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16. Hakuna dawa iliyotolewa. Kiongozi alikuwa mtu wa maeneo yale yale, anayezungumza lugha yao, aliyefunzwa kuliongoza kundi. Walizungumza juu ya misiba yao, ugomvi wa nyumbani, upweke, na nini cha kufanya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya wiki hizo, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, wakati katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7. Wale walikuwa na hali nzito kuliko yako. Nimeileta habari yao uone kukaa na watu ana kwa ana kila wiki kuna nguvu kiasi gani, na kwamba nguvu hiyo haihitaji jengo wala mtaalamu kutoka ng'ambo.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu uchukue huu: Jumamosi hii funga kibanda, chukua mchango wako mkononi, nenda kikaoni. Keti mpaka mwisho, mpaka chai. Najua utaniambia Jumamosi watu wanatoa pesa na komisheni ya saa mbili zile ni ya kununulia sukari. Ni kweli, utaikosa. Iandike kama matumizi ya nyumbani, kwenye mstari mmoja na dawa na sabuni. Na kama kuna kijana unayemwamini wa kukushikia vocha na soda, mwachie hizo. Mobail mani ifungwe, namba ya siri usimpe mtu. Wenzako wakikuuliza ulikuwa wapi, waambie ukweli kwamba uliwakosa. Utashangaa ni wangapi nao wanatuma kwa simu huku wakiwaza kwamba wengine wanakutana.

Marafiki ulionao "mnaandikiana". Sikatai, ujumbe wa simu una kazi yake. Lakini chagua mmoja kati yao, yule ambaye mkionana mnasahau saa, na mpange awe anapita kibandani siku moja ya wiki, siku ile ile kila wiki, mle wote mchana. Wewe hujakaa chini kula kwa muda mrefu, na hilo peke yake limenisikitisha. Weka kiti cha pili. Mteja atasubiri umalize tonge. Watu wa Busia wanasubiri malori siku nzima, hawatashindwa na dakika kumi.

Nije kwenye ile bodaboda ya 1,000. Umesema kwa miguu ni kama dakika 25. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuchangamsha mwili kwa wiki, na 25 mara siku 6, ukiiacha Jumapili, ni 150 kamili. Umeshapewa dozi yako na umbali wa kibanda chako, huhitaji kwenda jim. Tembea asubuhi. Pesa zinalala kwenye sefu ya jirani, kwa hiyo unatoka nyumbani mikono mitupu, na wakati huo njia ina wanafunzi na wauza maziwa. Jioni panda boda, hilo sibishani nalo: ni giza, na watu wanajua unatoka kwenye pesa. Kuna faida nyingine tena. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua letu mwaka mzima linachomoza karibu wakati ule ule, na mwanga wa asubuhi ukikuingia machoni ndio unaoupanga mwili ujue ni saa ngapi, ili usiku usingizi uje kwa wakati wake. Wenzetu wa Ulaya kaskazini wananunua taa maalumu wakati wa baridi kuutafuta mwanga huo. Wewe unaukimbiza kwa boda.

Na ukitembea, salimia. Simaanishi kuinua mkono huku unapita. Yule mama wa mboga za dodo na nyanya, mlinzi wa shule, fundi baiskeli, mzee anayeanika dagaa wa Majanji kwenye neti. Simama kidogo, uliza za nyumbani, sikiliza jibu. Watafiti wawili wa Canada, Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn, walionyesha mwaka 2014 kwamba hata mazungumzo madogo na watu tunaofahamiana nao juu juu yanaongeza furaha ya siku, na kwamba siku mtu aliyozungumza na wengi zaidi wa aina hiyo alijisikia vizuri zaidi. Bibi zetu hawakusoma utafiti huo, lakini ukienda kijijini Samia au Busoga ukapita mtu bila kumsalimu kwa kituo, watauliza kama mna ugomvi. Boda imekupunguzia dakika 15 na watu wote wale.

Halafu kuna hizo 1,000 za asubuhi zilizobaki mfukoni. Siku 6 ni 6,000. Usizirudishe kwenye floti. Zitumie kwa mtu. Sio mchango wa harusi unaodaiwa kwenye kundi la WhatsApp, huo ni kodi. Nasema kitu kidogo ulichokichagua mwenyewe, kwa mtu unayemwona usoni anapokipokea. Mkatie yule binti anayekusaidia kitambaa cha kichwa. Mnunulie mlinzi chai na mandazi. Mpelekee mama mkwe dagaa. Hili nalo limepimwa hapa kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwauliza watu wa Uganda na wa Canada wakumbuke wakati walipotumia pesa kwa mwingine au kwa nafsi yao wenyewe, na katika nchi zote mbili, tajiri na maskini, waliokumbuka kutumia pesa kwa mwingine walijikuta na furaha zaidi. Wewe kutwa nzima pesa za watu zinapita mikononi mwako kuelekea kwa watu wengine, na wewe unabaki na komisheni na kelele. Acha 1,000 mojawapo iwe yako ya kutoa.

Usiku sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Unalala saa sita, unaamka saa kumi na moja. Hizo ni saa 5. Mtu mzima anahitaji 7 au zaidi. Hakuna zoea duniani litakalomfurahisha mtu anayelala saa 5 kila siku, na ile orodha iliyokuambia uamke saa kumi usiku ilitaka kukunyang'anya saa moja hata katika hizo. Nina hasira na orodha za namna hiyo, nasema kwa dhati. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye chumba chake cha peke yake na asubuhi isiyo na mtoto anayetafuta soksi, kisha zinamfikia mama wa watoto watatu na kumwambia kosa ni lake.

Lala saa nne. Ili uweze, simu kubwa isiingie chumbani. Bahati yako ni kwamba kazi yako iko kwenye katochi. Hiyo lala nayo, ikuamshe, mumeo akupate akikwama njiani. Ile kubwa iwekwe chaji sebuleni saa tatu na nusu, na asubuhi usiiguse mpaka umefika kibandani. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani kiliwapima wanafunzi 143: nusu waliendelea na mitandao kama kawaida, nusu wakapunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kwa siku kila mmoja. Baada ya wiki 3 waliopunguza walikuwa na upweke mdogo zaidi na huzuni ndogo zaidi. Status za WhatsApp hazikuwemo kwenye hesabu ile, lakini wewe mwenyewe umenieleza zinakufanya nini: kabla hujanawa uso umeshaona nyumba iliyopauliwa, Dubai na joho la chuo. Hao watu watatu hawakupata vitu hivyo asubuhi moja, ila wewe umevipokea vyote kwa pamoja ukiwa bado kitandani.

Siku za kwanza utateseka, nakuambia ukweli. Kati ya saa mbili na saa nne mkono utatafuta simu. Ndio maana nataka ufike nyumbani watoto wakiwa bado macho, hata kama ni kwa kufunga nusu saa mapema. Keti nao chini, wa katikati akupe habari za shule. Mtoto aliyeweza kukuuliza umemkasirikia nani ni mtoto anayekutazama kwa makini, mrudishie macho hayo.

Lile daftari usilitupe. Kuandika mambo ya kushukuru kunasaidia, Robert Emmons na Michael McCullough walilionyesha hilo mwaka 2003, lakini katika jaribio lao moja watu waliandika mambo hadi 5 tu, mara 1 kwa wiki. Na Sonja Lyubomirsky na wenzake walikuta kwamba walioandika mara moja kwa wiki walinufaika kuliko walioandika mara tatu. Ukilifanya kila siku linageuka kazi ya shule. Kwa hiyo andika Jumapili usiku, matatu yanatosha, na yawe na sura na majina. "Namshukuru Mungu kwa afya" mkono unaandika wenyewe. "Mama wa dodo aliniongezea fungu bila kuombwa, akasema nimekonda" hilo litakukaa wiki nzima. Tena Jumapili hiyo hiyo baki kanisani mpaka matangazo yaishe, kwa sababu matangazo ndipo mnapojua nani ana msiba na nani ameoa, na nje ya mlango ndipo watu wanaposhikana mikono.

Maji baridi, kioo na pumzi niviache, havina ubaya kwa anayevipenda. Wewe hukuviomba.

Kuhusu kuacha siku ya nne. Hukushindwa na furaha, mwanangu. Ulibebeshwa mambo ishirini kwa mara moja. Watafiti wa chuo kimoja cha London walifuatilia watu waliokuwa wanajenga zoea moja, moja tu, na wakakuta inachukua wastani wa siku 66 hadi jambo lijiendee lenyewe. Wa haraka siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Wakakuta pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Basi anza na Jumamosi na kutembea asubuhi. Hayo mawili kwanza. Simu ya sebuleni ifuate hayo yakishazoeleka, na daftari baadaye. Mvua ikinyesha ukapanda boda, umepanda boda, kesho utatembea. Na usijipime kila jioni kama umefurahi. Furaha ukiikodolea macho inakuona kama mgeni.

Limebaki la mumeo, ambaye umemtetea tangu mwanzo wa barua na sina neno baya juu yake. Nadhani mazungumzo yenu ni yale ya "umefika?", "nimefika", "karo nimetuma". Ni mazungumzo ya kazi ya watu wawili wanaopendana. Mwambie ulichoniambia mimi. Usimwandikie, mpigie jioni akiwa amekwama kwenye foleni ya Elegu, mpakani na Sudan Kusini, hapo dereva ana muda wote duniani na pengine yeye ndiye mpweke kuliko wewe. Usianze na lawama. Mwambie mtoto alikuuliza swali gani, na kwamba hukuwa na jibu. Kisha muulize yeye amecheka na nani wiki hii. Mwambie pia kwamba Jumamosi mchana utakuwa kikaoni, akipiga usipopokea asiwe na wasiwasi.